Hofu ya mita isifunge chumba cha kompyuta

Usilolijua ni kama usiku wa giza, walinena wahenga. Methali hii ilimjia mwandishi wa makala haya muhula uliopita aliposimama mbele ya mlango uliotiwa kufuli katika shule moja ya upili ya mwambao wa kusini, mwendo mfupi kutoka Tiwi. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na kompyuta 20, zimefunikwa kwa leso kuukuu zisiingie vumbi. Wanafunzi walipita dirishani wakizichungulia kama watu wachunguliao dukani siku ambayo mfuko ni mtupu.

Mwalimu mkuu, muungwana mwenye ari ya kazi, hakuficha sababu. “Mwenzangu,” alisema, “kompyuta tunazo, walimu tunao, na watoto wana kiu. Tatizo ni mita. Nikizifungua hizi, tokeni za muhula mzima zitakwisha kabla ya mitihani ya kati.” Hakuwa akibahatisha. Alikuwa amepiga hesabu. Nyuma ya kila kompyuta mna kibandiko kilichoandikwa wati 300. Kompyuta 20 ni wati 6,000. Zikitumika saa 4 kwa siku, kwa siku 20 za masomo katika mwezi, ni uniti 480. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 25 kwa uniti, kila mwezi ungemgharimu shilingi 12,000.

Hakuna awezaye kumlaumu mwalimu huyo kwa kuogopa. Fedha za serikali kwa elimu ya sekondari ya kutwa ziliwekwa mwaka wa 2018 kuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na ni fungu dogo tu la fedha hizo linaloelekezwa kwa umeme, maji na usafi. Fedha zenyewe aghalabu huchelewa. Mwalimu mkuu anayelazimika kuchagua baina ya taa za darasani usiku na kompyuta za mchana, atachagua taa.

Hata hivyo, twasema hesabu ile ina kasoro, na kasoro hiyo inawanyima wanafunzi wengi haki yao. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kosa liko kwenye nambari ya kwanza kabisa, ile wati 300. Alichozidisha mwalimu ni nambari ya kibandiko, na kibandiko hakijui kompyuta inatumia umeme kiasi gani.

Kibandiko kile hueleza kiasi cha juu kabisa cha umeme ambacho kifaa cha kugawa umeme ndani ya sanduku kinaweza kutoa bila kuungua. Ni sawa na matatu iliyoandikwa abiria 14 ubavuni. Maandishi hayo hayana maana kwamba kila gari litokalo Ukunda kwenda Likoni saa nane mchana limebeba watu 14. Huenda limebeba watano. Anayetaka kujua mapato ya siku hahesabu viti, huhesabu abiria.

Hata nambari iandikwayo na watengenezaji kuhusu prosesa yenyewe, ambayo kwa kompyuta nyingi za mezani huwa wati 65, haikuandikwa kwa ajili ya anayelipa umeme. Iliandikwa kwa ajili ya fundi wa feni, ajue ni joto kiasi gani atakalohitaji kuliondoa prosesa ifanyapo kazi nzito kwa muda mrefu. Mwanafunzi anayeandika insha haifikishi prosesa yake hata karibu na kiwango hicho.

Wala si shule za mashambani pekee zinazopotoshwa na vibandiko. Mwaka wa 2007 wahandisi wa kampuni ya Google walichapisha uchunguzi wao kuhusu umeme unaotumiwa na maelfu ya kompyuta zao. Walijumlisha nambari za vibandiko vya sehemu zote za kompyuta moja, kisha wakaipima ikiwa katika kazi nzito. Kipimo kilikuwa chini ya asilimia 60 ya jumla ile. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho iliona faida ya kupima, shule inayonunua tokeni kwa kubahatisha ina sababu kubwa zaidi.

Hapana budi tueleze kwa nini umeme wa prosesa hupanda na kushuka. Mfano ulio karibu nasi ni kisima. Tiwi ni nchi ya visima, na maji yachimbwayo hapa hupelekwa hadi Likoni. Kila mtu wa hapa anajua uchovu wa anayeteka maji hutokana na mambo gani: ukubwa wa ndoo, kina cha kisima, mara ngapi kwa saa ndoo inashushwa na kuvutwa, na ni watu wangapi wanaoteka kwa pamoja.

Ndani ya prosesa mna swichi ndogo mno ziitwazo transista. Prosesa ya kwanza ya kampuni ya Intel, iliyotolewa mwaka wa 1971, ilikuwa na transista 2,300; za leo zina mabilioni. Kila swichi inapogeuka, hujaza na kumwaga chembe ndogo ya umeme, mithili ya ndoo. Ukubwa wa ndoo hiyo ni jambo la kwanza. Mara ngapi hujazwa kwa sekunde ni la pili. Hayo ndiyo mapigo ya prosesa, ambayo hufika mabilioni kwa sekunde. Sehemu ya transista zinazogeuka kwa wakati mmoja ni la tatu, nayo hutegemea kazi iliyopo. La nne ni volti, na hili huhesabiwa mara mbili. Volti zikiongezeka, ndoo hujaa zaidi, na pia hulazimika kuvutwa kutoka kina kirefu zaidi. Kwa hiyo volti hujizidisha zenyewe: ukizipunguza hadi nusu, umeme hupungua hadi robo.

Siri hiyo ndiyo iliyoendesha maendeleo ya kompyuta kwa miaka mingi. Mwaka wa 1974 Robert Dennard wa kampuni ya IBM, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba transista ikifanywa ndogo na volti zake zikapunguzwa kwa kadiri ile ile, unaweza kuzisonga nyingi mahali padogo bila joto kuzidi. Prosesa za kwanza za Pentium za mwaka wa 1993 zilitumia volti 5. Za leo hutumia takriban volti 1. Tofauti hiyo peke yake hupunguza umeme wa kila mgeuko mara 25.

Lakini kuna jambo la tano: mvujo. Ndoo yenye tundu hupoteza maji hata ikining’inia tu. Transista zilipozidi kuwa ndogo, zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, na volti hazikuweza kuteremshwa zaidi kwa urahisi. Mwaka wa 2004 Intel iliacha mpango wa prosesa moja iliyokusudiwa kwenda kasi kupita zote zilizotangulia, kwa kuwa joto lilikuwa limeshinda, ikageukia kuweka prosesa kadhaa katika kipande kimoja. Mvujo huongezeka kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo chumba kisicho na madirisha wakati wa kaskazi hula umeme zaidi kuliko kile kipitacho upepo wa kusi, hata kazi ikiwa ni ile ile.

Yote haya yaweza kuonekana kama elimu ya chuo kikuu. La hasha. Mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa wati, volti na kilowati-saa katika fizikia. Kilichobaki ni kumtoa ubaoni na kumpeleka ukutani, kwenye mita ya shule.

Mita nyingi za kisasa zina taa ndogo inayowaka na kuzima kila kiasi fulani cha umeme kinapopita. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye mita yenyewe. Tuchukue mfano wa mita ambayo taa yake huwaka mara 1,000 kwa uniti moja. Kila mwako mmoja ni wati-saa moja. Ukihesabu miako ya dakika moja ukazidisha kwa 60, umepata wati zinazotumika wakati huo. Hakuna chombo cha kununua. Kinachohitajika ni saa ya mkononi, daftari, na wanafunzi wawili wenye macho makini.

Zoezi lenyewe liende hivi. Kwanza, kompyuta zote zikiwa zimechomolewa ukutani, wahesabu miako inayotokana na taa na mapangaboi. Tuseme ni 5 kwa dakika, yaani wati 300. Pili, wawashe kompyuta zote 20 pasi na kuzigusa. Tuseme miako ni 23. Tofauti ni 18, yaani wati 1,080, au wati 54 kwa kila kompyuta pamoja na kioo chake. Tatu, kila mwanafunzi aandike insha. Tuseme miako ni 25: tofauti ni 20, wati 1,200, au wati 60 kwa kila kompyuta. Nne, kompyuta zote zipewe kazi nzito, kama vile kucheza video kubwa huku zikipiga hesabu ndefu. Tuseme miako ni 33: tofauti ni 28, wati 1,680, au wati 84 kwa kila moja. Nambari hizi ni za mfano tu, bali haziko mbali na tabia ya kompyuta za mezani za kawaida zenye vioo bapa. Kila hatua ihesabiwe kwa dakika 10 kisha igawanywe, ili makosa ya macho yapungue.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mwalimu mkuu. Kwa wati 1,200, saa 4 kwa siku na siku 20 kwa mwezi, matumizi ni uniti 96. Kwa bei ile ile ya shilingi 25, ni shilingi 2,400. Hata wanafunzi wakicheza video mwezi mzima, jambo ambalo hakuna mwalimu atakayeliruhusu, gharama haifiki shilingi 3,400. Kibandiko kilisema 12,000. Tofauti hiyo ndiyo kufuli iliyo mlangoni.

Zoezi hilo lina mafunzo mengine mawili. La kwanza ni kwamba kompyuta iliyowashwa bila mtu hula karibu sawa na ile inayoandikiwa insha: wati 54 dhidi ya 60 katika mfano wetu. Kompyuta zote 20 zikisahauliwa zikiwaka tangu saa kumi jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, zitakula uniti 15, ilhali masomo ya siku nzima yalikula uniti 5 tu. Anayemaliza tokeni ni uzembe wa jioni, wala si mwanafunzi. Hivyo basi, jukumu la kuzima liwe na mwenyewe, na jina lake liandikwe ubaoni.

Fundisho la pili ni namna ya kukadiria bila kupima kila siku. Ukishajua umeme wa kompyuta ikiwa imetulia na umeme wake ikiwa kazini kabisa, unaweza kuchora mstari ulionyooka baina ya nukta hizo mbili. Prosesa ikiwa kazini kwa theluthi, umeme utakuwa karibu na theluthi ya njia kati ya 54 na 84, yaani wati 64. Wahandisi wale wa mwaka wa 2007 waliona kwamba kwa kundi kubwa la kompyuta, makadirio ya aina hii, yanayotegemea shughuli ya prosesa peke yake, hukaribia sana ukweli. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano hai wa mlingano wa mstari, huu hapa.

Wanaotaka kuzama zaidi wana njia iliyokwisha kukanyagwa. Mwaka wa 1994 Vivek Tiwari na wenzake katika Chuo Kikuu cha Princeton walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba amri mbalimbali za programu hutofautiana kwa umeme zinaoutumia. Waliifanya prosesa irudierudie amri moja huku wakisoma mkondo wa umeme kwenye mita. Hawakuwa na uchawi; walikuwa na mita na subira. Tangu mwaka wa 2011 prosesa nyingi za Intel zina kihesabu cha ndani kinachokadiria nishati inayotumiwa, na programu inaweza kukisoma.

Wapo watakaosema kwamba kupima hakushushi bei ya umeme. Ni kweli, na bei ni mzigo. Lakini mkuu wa shule anayekwenda mbele ya bodi na maneno “umeme ni ghali” hupata huruma na kuondoka mikono mitupu. Anayekwenda na daftari linaloonyesha kwamba somo la kompyuta linahitaji uniti 96 kwa mwezi, huomba kitu kinachoweza kujadiliwa na kupitishwa. Wapo pia watakaosema kwamba walimu wana kazi tele. Hilo nalo ni kweli. Lakini zoezi hili halihitaji kipindi kipya. Linatoshea katika fizikia, katika hisabati na katika somo lenyewe la kompyuta. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi saba za msingi, na si rahisi kufikiria namna bora ya kuufundisha kuliko kumwonyesha mtoto kwamba amri aliyoiandika inageuka mwako kwenye mita.

Hasara ya kubahatisha huwa kubwa zaidi pale shule inapotaka kutumia jua. Tuseme shule ina vipakatalishi 20, na chaja ya kila kimoja imeandikwa wati 65. Kwa kibandiko, saa 4 ni uniti 5.2 kwa siku. Lakini kipakatalishi kilichokwisha kujaa betri, kikiandikiwa kazi ya kawaida, huweza kutumia wati 20 au pungufu. Hiyo ni uniti 1.6. Anayenunua kwa kufuata kibandiko atanunua paneli na betri mara tatu ya anachohitaji, au ataona bei na kukata tamaa. Jua la Pwani, ambalo kwa wastani hutupa karibu uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, litaendelea kuchoma mabati bure.

Taifa letu lingekuwa limejifunza somo hili. Mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Ahadi hiyo ilibadilika kuwa vishikwambi, na tangu mwaka wa 2016 zaidi ya vifaa milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Shule nyingi zilipelekewa umeme kwa ajili hiyo, na lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini kumpelekea mtu umeme bila kumfundisha kuupima ni kumpa jahazi bila kumwonyesha tanga.

Kwa hiyo twatoa mwito. Kila shule ya Kwale yenye chumba cha kompyuta ifanye zoezi hili kabla ya muhula kwisha, na matokeo yabandikwe mlangoni mahali pa kufuli. Wizara ya Elimu na serikali ya kaunti zisipeleke kompyuta wala paneli yoyote shuleni bila karatasi inayoonyesha umeme uliopimwa, wala si ule ulioandikwa na mtengenezaji. Na wafadhili wanaotuletea kompyuta zilizochoka za ng’ambo wapime kabla ya kutoa, kwani zawadi inayokula kuliko mwenyeji huwa mzigo.

Ndugu wanafunzi, msidhani jambo hili ni la shilingi za shule pekee. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka wa 2024 vituo vya kompyuta duniani vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, kampuni ya Microsoft na ile ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza nia ya kujenga kituo cha namna hiyo Olkaria, kitumie umeme wa mvuke wa ardhini. Popote vituo vya aina hiyo vijengwapo, kuna mtu anayeulizwa: kitahitaji umeme kiasi gani, na kwa kazi ipi? Hakuna sababu mtu huyo asiwe kijana aliyeanza kwa kuhesabu miako ya taa katika shule ya Tiwi.

Mwalimu mkuu wetu ameahidi kuwapa wanafunzi wake nusu saa na mita. Funguo anazo mfukoni. Kuuliza si ujinga, na kupima si gharama. Ghali ni kile kilichofungiwa kwa hofu ambayo hakuna aliyeipima.